Keria ya Mbao ya Pikapu: Itengeneze Isichane Bodi

Tangu masika yaishe, pikapu zinazoletwa uani kwangu hapa Moshi zina ugonjwa mmoja. Keria imechomelewa, ukiitazama inapendeza, ikabeba mbao safari mbili tatu kutoka Rongai au West Kilimanjaro, halafu bodi ikaanza kuchanika kwenye kona. Nyingine paa la kabini limebonyea hadi mlango unagoma kufunga. Mwenye gari analaumu chuma. Chuma hakina kosa. Kosa liko mahali keria ilipofungwa.

Kabini na bodi ya pikapu ni vitu viwili, kila kimoja kimekalia chesisi kivyake. Mwombe mtu apitishe gari polepole kwenye tuta, tairi moja likitangulia, nawe utazame pengo kati ya kabini na bodi. Utaliona likipanuka na kujibana. Ukiifunga keria kwenye paa na kwenye bodi kwa pamoja, umevifunga vitu vinavyotaka kucheza, na kilicho dhaifu zaidi kitachanika. Kwa hiyo keria hii inasimama juu ya bodi peke yake. Sehemu ya mbele inapita juu ya kabini bila kuigusa.

Vipimo vyangu ni vya pikapu ya kabini moja, mfano Hilux, yenye bodi ya karibu mita 2.3. Kama gari lako ni la kabini mbili usivifuate, maana bodi yake ni fupi mno na sehemu ya kuning'inia mbele itakuwa ndefu kupita kiasi.

Jambo jingine kabla hujatoa pesa: keria ni ya kubeba urefu, si ya kubeba uzito. Hii itastahimili kilo 300 zilizosambazwa vizuri. Mbao moja ya mbili kwa nne, futi 12, ikiwa imetoka msumenoni jana na bado mbichi, yaweza kufika kilo 15. Hesabu yake ni mbao 20 juu, zilizobaki ziingie ndani ya bodi au zingoje safari ya pili.

## Vifaa

Chuma:

- Paipu ya mraba ya inchi 2 (mm 50 kwa 50), unene mm 3: moja. Hii ni ya reli mbili za juu.
- Paipu ya mraba ya inchi 2, unene mm 2: mbili. Zinatoa miguu minne, mataruma matatu (vyuma vya kukatiza ambavyo mbao zitalalia) na vidole vya pembeni (vipande vifupi vya kuzuia mbao zisimwagike).
- Paipu ya mraba ya mm 40 kwa 40, unene mm 2: moja, ya mikono ya mshazari.
- Sahani za chuma za sm 10 kwa 15, unene mm 6: nane.
- Sahani ndogo za sm 5 kwa 10, unene mm 6: nne.
- Vibati vya sm 5 kwa 5, unene mm 3, vya kuziba midomo ya paipu na kukinga ukuta wa bodi: ishirini.

Vifungio: boliti 20 za M12 zenye namba 8.8 kichwani, washa pana, na nati za kufuli zenye plastiki ndani. Boliti nne za M10 za kushika kuta. Boliti isiyo na namba yoyote kichwani iache dukani.

Vya kazi: mashine ya kuchomelea, fito za milimita 2.5 aina ya 6013, grainda na diski za kukatia na kusugulia, drili na biti za mm 13, mm 10.5 na mm 6, pima maji, skwea, futi ya chuma, klampu nne, spana namba 19 na 17, brashi ya waya, praima nyekundu ya oksaidi, rangi ya mafuta, silikoni. Kofia ya kuchomelea, miwani ya grainda, glavu za ngozi, na ndoo ya mchanga.

### Pima paipu kwa mzani kabla ya kulipa

Hapa ndipo wengi wanaibiwa bila kujua. Paipu ikishafungwa mdomo huwezi kuuona unene wake, na ile ya mm 1.5 inauzwa kwa jina la mm 2. Mzani haudanganyi. Kwa urefu wa mita 6:

- mm 50 kwa 50, unene 3: karibu kilo 26 na nusu
- mm 50 kwa 50, unene 2: karibu kilo 18
- mm 50 kwa 50, unene 1.5: chini ya kilo 14
- mm 40 kwa 40, unene 2: karibu kilo 14

Kama duka la chuma halina mzani, wa mnunuzi wa vyuma chakavu au wa mahindi unatosha. Ukiambiwa paipu ya mm 50 kwa 50 ni ya unene wa mm 2 na mzani ukasema kilo 14, rudisha. Pima na urefu pia, kwani paipu nyingine hazifiki mita 6 kamili.

Paipu iliyopakwa zinki, ile yenye mng'ao wa fedha, naikwepa. Moshi mweupe unaotoka ukiichomelea unaleta homa na kutetemeka usiku wake. Ukilazimika kuitumia, sugua zinki yote sehemu ya kuchomelea na ufanye kazi nje penye upepo.

## Hatua ya 1: Pima gari, usipime picha

Weka gari mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wa kawaida. Pima vitu vitatu.

Kwanza, upana wa ndani wa bodi sakafuni. Toa sm 2; hicho ndicho kipimo cha nje kwa nje cha keria yako.

Pili, kimo kutoka sakafu ya bodi hadi usawa wa paa la kabini. Laza pima maji ndefu au ubao ulionyooka juu ya paa, uutokeze nyuma, kisha pima kwenda chini. Ongeza sm 10. Huo ndio urefu wa mguu. Usiongeze zaidi kwa kudhani unajiweka salama: kila sentimita ya juu inainua mzigo, na gari lenye mzigo juu linayumba kwenye kona. Chini ya sm 7 nako ni hatari, kwa sababu kabini inapanda na kushuka.

Tatu, umbali kutoka mguu wa mbele utakaposimama hadi ukingo wa juu wa kioo cha mbele. Reli zitatokeza sm 80 mbele ya mguu na lazima ziishie kabla ya kioo.

Sasa ingia chini ya gari na tochi. Usiruke sehemu hii. Tafuta mihimili ya chuma inayopita chini ya sakafu ya bodi kutoka ubavu hadi ubavu, kwa sababu miguu inatakiwa isimame juu yake au jirani kabisa. Weka alama ya chaki pasipo na bomba la breki, waya wala bomba la mafuta, na uone tangi liko wapi. Kutoboa sakafu bila kuangalia chini kunaweza kukutobolea tangi.

Umefaulu hatua hii ukiwa na alama nne sakafuni, kila moja umeikagua juu na chini, na vipimo vimeandikwa ukutani au kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Kata

Paipu ya mm 3 ikate katikati: reli mbili za mita 3. Ndiyo maana nimechagua mita 2.2 kutoka mguu hadi mguu, nje kwa nje, na sm 80 za kuning'inia. Hakuna kipande kinachopotea, na reli haina kiungo hata kimoja. Reli yenye kiungo juu ya mguu wa mbele ndiyo inayovunjika. Pale ndipo nguvu yote ya mzigo wa mbele inapolalia.

Kwenye paipu za mm 2 toa miguu minne na mataruma matatu. Urefu wa taruma ni ule upana wa nje uliopima. Kipande kinachobaki kitoe vidole sita vya sm 10.

Paipu ya mm 40 itoe mikono sita ya sm 57, kila ncha ikiwa imekatwa nyuzi 45. Mkono wa urefu huo unashika sm 40 kwenye mguu na sm 40 juu.

Miguu yote minne isimamishe pamoja mezani, upitishe kiganja juu. Ukihisi ngazi, sugua hadi zilingane. Mguu mmoja mfupi kwa mm 5 utailazimisha bodi ijikunje kila siku ya maisha yake.

## Hatua ya 3: Jenga ubavu mmoja mmoja, chini

Tafuta sakafu ya saruji iliyonyooka. Laza reli, chini yake panga miguu miwili: wa nyuma kwenye ncha ya reli, wa mbele mita 2.2 kutoka hapo, nje kwa nje. Piga nukta ndogo za kuchomelea tu, mbili kwa kila kiungo. Kagua kwa skwea. Kisha pima mshazari: kutoka chini ya mguu wa mbele hadi juu ya mguu wa nyuma, na kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya mm 3, gonga kwa nyundo hadi vikubaliane.

Ndipo uweke mikono miwili: kutoka mguu wa mbele kwenda juu nyuma, na kutoka mguu wa nyuma kwenda juu mbele. Bila mikono hii, dereva akishika breki ghafla keria nzima inalala mbele kama mlango uliong'oka bawaba. Kila keria iliyochana bodi niliyoletewa haikuwa nayo, au ilikuwa na fito za nondo tu zilizobandikwa kwa urembo.

Chomelea sasa. Fito ya 2.5 kwa ampia 70 hadi 85 inatosha. Anza na 70 kwenye paipu ya mm 2 na uongeze ukiona unga, yaani chuma cha fito kilichoyeyuka, unakaa juu kama uji bila kuzama. Usimalize kiungo kizima kwa pigo moja. Chomelea upande mmoja, hamia kiungo cha mbali, rudi upande wa pili. Joto likikaa mahali pamoja linavuta chuma, na ubavu uliokuwa umenyooka unapinda mbele ya macho yako.

Fito zikipata unyevu, jambo la kawaida huku wakati wa masika, zinatema na kuacha vitundu. Zianike juani au karibu na jiko mpaka zikauke. Na kama mtaani kwenu umeme unadhoofika jioni watu wakipika, chomelea asubuhi. Arki inayokatikakatika haiingii ndani ya chuma.

Gonga gamba, piga brashi, tazama. Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayofuatana, umeshika pande zote mbili na hauna vitundu. Ukiona kitundu, kisugue chote na urudie. Kukifunika kwa unga mwingine ni kukificha tu.

Ubavu wa pili ujenge juu ya wa kwanza ili ufanane nao, huku ukikumbuka kuwa sahani za miguu zitakaa kwa kugeuziana, kushoto na kulia.

## Hatua ya 4: Sahani za miguu

Chomelea sahani ya sm 10 kwa 15 chini ya kila mguu, mguu ukiwa umesogezwa kwenye ukingo wa nje ili usiachane na ukuta wa bodi, na urefu wa sahani ukielekea mbele na nyuma. Toboa matundu manne ya mm 13, mawili kila upande wa mguu, ukihakikisha spana inapata nafasi ya kuzunguka. Sahani nne zilizobaki zitoboe kwa kufuata hizi, zikiwa zimebanwa pamoja. Zitakaa chini ya sakafu.

Sahani ya chini ndiyo inayookoa bodi. Boliti yenye washa peke yake inakamata bati la eneo dogo kama sarafu, na bati la sakafu litachanika kuizunguka. Mhimili ukizuia sahani isikae sawa, kata sahani ifuate umbo lake. Usikate mhimili.

Acha kijitundu cha mm 6 sehemu ya chini kabisa ya kila mguu. Maji yataingia tu, hata ukichomelea vizuri namna gani, na yasipopata njia ya kutoka mguu utaoza kutokea ndani huku nje rangi inang'aa.

## Hatua ya 5: Unganisha juu ya gari

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Fuata utaratibu huu:

1. Ondoa waya wa hasi wa betri. Umeme wa kuchomelea unaweza kuua alteneta na kompyuta ya gari.
2. Funika kioo cha nyuma cha kabini na paa kwa magunia yaliyoloweshwa. Cheche ikigusa kioo haitoki tena.
3. Weka ndoo ya mchanga karibu na mtu mmoja wa kuangalia moto, asiye na kazi nyingine.
4. Klampu ya mashine ishike paipu unayoichomelea, jirani na mshono. Usiibane kwenye bampa wala springi, maana umeme utapita kwenye beringi kutafuta njia.

Simamisha mbavu zote mbili kwenye alama, toboa sakafu, funga boliti za miguu nusu tu. Pandisha mataruma juu ya reli: la kwanza kwenye ncha ya mbele, la pili juu ya miguu ya mbele, la tatu juu ya miguu ya nyuma. Pima mishazari ya mstatili wote ukiwa umesimama juu. Ikilingana, piga nukta taruma la kwanza na la pili, kisha mikono miwili iliyobaki, kutoka miguu ya mbele kwenda ndani hadi chini ya taruma la pili.

Taruma la nyuma usilichomelee kwenye reli. Chomelea sahani ndogo chini ya ncha zake na nyingine juu ya reli, uzifunge kwa boliti mbili za M12 kila upande. Kesho utataka kupakia kabati au ng'ombe wa mnadani, na taruma lisilotoka litakulazimu kukata keria yako mwenyewe. Toboa sahani ili boliti zipite pembeni mwa reli, si katikati yake.

Nukta zikishakaa, fungua boliti, wanaume wanne waishushe, na umalizie kuchomelea chini, mbali na gari. Chuma chote ni karibu kilo 70, msiivute watu wawili. Vidole sita weka kwenye ncha za mataruma, viwili kila taruma, vikisimama kuzuia mbao zisimwagike pembeni. Ziba kila mdomo wa paipu uliobaki wazi.

## Hatua ya 6: Rangi

Sugua kutu na gamba lote, futa kwa kitambaa chenye thina, paka praima siku hiyo hiyo. Chuma kilichosuguliwa kikilala nje usiku mmoja na umande wa huku, asubuhi kimeshaanza wekundu. Praima mara mbili, rangi ya mafuta mara mbili, kila tabaka likauke kwanza. Paka na kingo za matundu uliyotoboa kwenye sakafu ya bodi. Ndizo zinazosahaulika, na ndipo kutu ya bodi inapoanzia.

## Hatua ya 7: Funga moja kwa moja

Watu hupenda kuweka kipande kinene cha tairi chini ya mguu wakidhani kinapunguza mtikisiko. Mpira unabonyea, boliti zinalegea, mguu unaanza kugonga. Paka silikoni nyembamba tu ya kuzuia maji, kisha sahani, sakafu, sahani, washa, nati. Kaza kwa kupishana kona, kama unavyokaza nati za tairi.

Kila mguu ushike pia na ukuta wa bodi kwa boliti moja ya M10, kibati kikiwa upande wa nje. Kwa miguu ya nyuma ni lazima, kwa kuwa haina mkono wa kuizuia kwenda pembeni. Ukuta ukiwa wa tabaka mbili, weka kipande cha paipu ndani ya tundu ili ukikaza usiubonyeze.

Rudisha waya wa betri.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kupakia mali ya mtu

Shika ncha ya mbele ya reli na uitikise kwa nguvu. Gari lote litikisike kwenye springi zake. Keria ikicheza peke yake, tafuta boliti au mshono uliokosewa.

Kisha chukua mifuko sita ya saruji, kila mmoja kilo 50. Panga mbao chache juu ya mataruma, weka mifuko mitatu kwanza na ukague, halafu mitatu mingine. Gari likiwa limesimama, kagua pengo juu ya kabini: lisipungue zaidi ya sm 1 au 2. Endesha polepole kwenye barabara ya vumbi, shika breki mara tatu nne, shuka utazame kila mshono. Rangi iliyopasuka kama uzi mwembamba ndiyo dalili ya kwanza ya ufa. Sugua hapo, na ukikuta ufa usibebe kitu mpaka uchomelee upya.

Safari ya kwanza ya kweli, kaza boliti zote ukifika. Moshi hadi Arusha, karibu kilomita 80, inatosha kabisa kulegeza kilichokuwa hakijakaa. Kaza tena baada ya wiki, kisha kila mwezi.

## Kupakia

Mbao ya futi 12 ikianzia kwenye taruma la mbele itatokeza nyuma ya keria karibu sm 66. Usiisukume mbele ipite kioo ili nyuma pawe pazuri. Dereva haoni vizuri, na uzito unahamia sehemu ya keria inayoning'inia.

Funga mahali pawili kwa mikanda ya racheti, na mkanda wa tatu upite mbele ya mbao kuzizuia zisiteleze wakati wa breki. Kamba ya mkonge iliyofungwa ikiwa imelowa inalegea ikikauka, na ile ya plastiki inavutika. Ukitumia kamba, simama baada ya kilomita kumi ukaze upya.

Bati ni hatari kuliko mbao. Upepo unaingia chini ya ncha ya mbele na kulinyanyua, kwa hiyo laza mbao mbili juu yake na ufunge zote pamoja. Nondo za mita 12 usizipandishe kabisa, hata zikiwa zimekunjwa. Zinachezacheza kila shimo na kuchosha mishono.

Ncha ya nyuma ining'inize kitambaa chekundu, na usiku ongeza kiakisi mwanga. Bodaboda anayekufuata gizani kwenye mteremko wa Kikafu anakiona kitambaa kile au haoni kitu.